Ram za Sadiki Ndani ya Mashine ya Nyabenda

Nyie vijana mnaonunua kompyuta kama watu wanavyonunua maandazi, mkiona la jirani limeumuka zaidi mnatupa la kwenu, kaeni hapa kidogo. Mimi nimestaafu. Mgongo umekataa kuinama, macho hayazioni pini tena, na bisibisi zangu nimeshazigawa. Kilichobaki ni mdomo, na huo haujawahi kuniangusha.

Naitwa Skolastika, ila Kasulu walikuwa wananiita Mama Fundi, wengine kwa heshima na wengine kwa sababu walikuwa na kitu kibovu mkononi. Nilianza na redio, nikahamia kwenye simu, na miaka ile ya elfu mbili na kumi na mbili mpaka kumi na tano, vibanda vya gemu vilipoota kila kona ya Kasulu na Kibondo, nikajikuta naishi ndani ya maboksi ya kompyuta. Vijana walikuwa wakitoka shule wanakwenda kucheza mpira kwenye kioo mpaka mama zao wawafuate na fimbo. Kila mwenye banda alitaka mashine yake iwe na kasi kuliko ya mwenzake, na kila mmoja alidhani kasi inapatikana kwa kutupa kila kitu cha zamani. Mimi nilikuwa napatia ugali wangu hapo hapo, kwa kuwakataza kutupa.

Aliyenifundisha ni Mzee Issa, mtu wa Ujiji, Mungu amrehemu. Hakugusa mashine kabla hajanywa kahawa, na hakumsikiliza mteja kabla hajafungua boksi. "Mteja atakueleza anachotaka," alikuwa anasema. "Wewe tazama matundu kwanza." Alimaanisha matundu ya kwenye mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba vyote. Ram, vile vijiti vya kumbukumbu, vina pengo dogo kwenye meno yake, na kila kizazi cha ram pengo lake limekaa mahali tofauti kidogo. DDR2 haiingii kwenye tundu la DDR3, wala DDR3 kwenye la DDR2. Waliotengeneza waliliweka lile pengo makusudi ili mtu asikosee.

Walikuwa hawajakutana na kijana mmoja wa Kakonko. Huyu alinunua ram mpya, ikakataa kuingia, basi akachukua msumeno wa chuma akachonga pengo jingine. Alichonga kwa ustadi kabisa, hata nilimwonea wivu. Akaiingiza, akawasha, na kesho yake akaniletea mashine inanuka kama nywele zilizopitiwa na pasi. "Mama Fundi, iliingia vizuri tu," akaniambia, bado ana fahari. Mzee Issa alikishika kile kijiti akakigeuzageuza, akamuuliza, "Useremala umejifunzia wapi? Kazi safi hii." Leo yule kijana anatengeneza makabati huko kwao, na nasikia ni makabati mazuri sana.

Kulikuwa pia na mazabodi zenye matundu ya aina zote mbili, mawili ya DDR2 na mawili ya DDR3. Zile ziliwasumbua wengi. Bwana mmoja wa Buhigwe alijaza yote manne, ya zamani na mapya pamoja, kisha akashangaa mashine haiamki. Ubao wa namna ile unachagua aina moja tu, ukichanganya unalala. Mzee Issa, aliyekuwa na wake wawili, alimweleza yule bwana kwa upole: "Mimi nina uzoefu. Unaweza kuwa nao wawili kwenye uwanja mmoja, lakini usithubutu kuwaweka jiko moja siku moja." Yule bwana alielewa papo hapo kuliko angeelezwa na mtu mwingine yeyote.

Lakini hadithi niliyotaka kuwapa ni ya Nyabenda.

Nyabenda alikuwa na banda la gemu Kibondo, karibu na soko. Jina lake la ubatizo ni Firmini ila hakulitumia. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, yeye akazaliwa na kukulia upande huu, na alipopata cheti chake cha uraia hakufanya sherehe. Alikwenda moja kwa moja kwa mchora vibao, akachoresha kibao cha bati: NYABENDA, GEMU NA SIMU. Nyabenda lilikuwa jina la marehemu baba yake. Aliniambia siku moja, huku anajifanya anachunguza feni, kwamba jina la mzee wake halikuwahi kuandikwa mahali popote ila kwenye kadi ya mgao wa chakula. Nikampa waya anishikie, tukaendelea na kazi.

Na Sadiki je? Sadiki alikuwa mfanyabiashara wa Kasulu, mtoto wa mfanyabiashara, mwenye ndugu Tanga na mashine mpya kutoka Dar. Banda lake la gemu lilikuwa nyuma ya duka lake la simu, na kibaraza cha duka hilo ndicho nilichokuwa nimepanga mimi na meza yangu. Mkarimu, mcheshi, anacheka kabla hajamaliza kusema. Ila alikuwa na domo, na domo lake halikuwa na breki.

Siku moja Sadiki alikwenda Kibondo kununua maharage, akapita kwenye banda la Nyabenda kupoteza muda. Akakuta wachezaji kwenye kioo wanatembea kama wamevaa viatu vya kuazima, hatua moja, wanasimama, hatua nyingine. Akacheka mbele ya wateja.

"Oya, hii mashine au jeneza? Mechi nzima hii haimalizi."

"Inamaliza," akasema Nyabenda.

"Na lile gemu jipya nililonalo mimi je? Hilo si litaiua kabisa?"

"Lete."

Sadiki alipopanda gari kurudi Kasulu walikuwa wameshawekeana dau. Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya misa, zitachezwa mechi mbili, ya kwanza na ya marudiano, gemu jipya la Sadiki kwenye mashine ya Nyabenda. Mashine ikiganda, kibao cha Nyabenda kinashuka na kinapanda kingine: TAWI LA SADIKI, KASULU. Isipoganda, Sadiki atapandisha kibao cha tawi la Nyabenda mbele ya duka lake mwenyewe. Walioshuhudia ni nusu ya soko la Kibondo, na huku kwetu neno ukishalitamka mbele ya soko huwezi tena kusema ulikuwa unatania.

Nyabenda aliniletea boksi lake juu ya lori la mahindi, yeye mwenyewe mwekundu wa vumbi mpaka kope.

"Mwakeye, Mama Fundi."

"Mwakeye, baba. Za Kibondo? Mama hajambo?"

"Hajambo. Mama Fundi, nataka kila kitu kipya. Kila kitu, kama cha Sadiki."

"Sema taratibu. Sadiki yuko nyuma ya ukuta huu."

Macho yalimtoka. "Yoo! Kumbe unakaa kwake?"

"Napanga kwake. Kukaa nakaa kwangu."

Nikalifunika boksi kwa kitenge. Sadiki alipouliza ni mashine ya nani, nikamwambia ni ya padre mmoja. Tangu hapo, Mwislamu yule safi, kila akipita kwenye meza yangu alikuwa anapunguza sauti ya redio kwa heshima ya padre. Nilikuwa nainama nijifanye natafuta bisibisi chini, maana kicheko kilikuwa kinanikaba.

Sasa sikilizeni sehemu ya kazi. Nilipofungua boksi la Nyabenda nilikuta mazabodi nzima, ram mbili za DDR2 za aina nzuri yenye kasi, na prosesa, ule ubongo wa mashine, iliyochoka. Yeye alitaka prosesa mpya. Duka lolote la mjini lingemwambia prosesa mpya inataka mazabodi mpya, mazabodi mpya inataka ram mpya, na angerudi Kibondo ameuza baiskeli na mbuzi. Lakini wakati ule kulikuwa na prosesa zilizotengenezwa kwa watu kama Nyabenda. Ndani yake zilikuwa zinaelewana na DDR2 na DDR3 pia. Ukiigeuza chini, inakuwa na pini mbili pungufu kuliko ya zamani, kwa hiyo inakaa kwenye tundu la zamani bila ugomvi. Ile ya zamani ndiyo haiwezi kwenda kwenye tundu jipya, pini zake mbili zinakosa pa kuingia. Maana yake unabadilisha kitu kimoja tu, ubao unabaki na ram zinabaki.

Niliagiza prosesa hiyo Mwanza. Ikaja na kondakta wa basi, imefungwa ndani ya soksi, na soksi ilikuwa safi, namsifu.

Ila kuna jambo wengi wanalikosea mpaka leo. Ubao wa zamani haumjui mgeni mpaka uambiwe. Kuna programu ndogo inayoishi kwenye mazabodi yenyewe, wanaiita bayosi, na lazima uiandike upya wakati prosesa ya zamani bado ipo mahali pake. Ukishaing'oa umechelewa, maana mgeni hawezi kujitambulisha mwenyewe. Na wakati inaandikwa, umeme ukikatika, ubao umekufa. Umeme wetu wa Kasulu siku hizo ulikuwa wa jenereta, na jenereta lilikuwa linazimika kila lilipojisikia. Basi nikamwomba dereva wa lile lori la mahindi betri yake. Tukaiunganisha na inveta, nikaanza kuandika bayosi huku dereva amesimama kichwani pangu anauliza kama lori lake litawaka tena. Katikati ya kazi umeme wa mji mzima ukakatika. Duka la Sadiki likawa kimya, vijana wakapiga mayowe kwenye gemu lao lililozimika, na mashine ya padre ikaendelea kusoma sala zake taratibu mpaka mwisho.

Prosesa ikakaa. Nikapaka dawa ya kupitisha joto, nyembamba, kama mtu bahili anavyopaka siagi. Nikarudisha ram zile zile mbili za Nyabenda. Mashine ikawaka, na wachezaji waliokuwa wanachechemea wakaanza kukimbia kama wanadaiwa. Nilifurahi, jamani. Ile furaha ya kitu kizee kinachoamka mkononi mwako sijaipata kwenye kazi nyingine.

Nyabenda akachungulia ndani. Uso ukamshuka.

"Mama Fundi, matundu mawili yako wazi."

"Yaache yapumue."

"Ya Sadiki yamejaa yote manne. Nimeyaona."

"Baba, gemu hili halihitaji zaidi ya hizi mbili."

"Watu watafungua waone matupu. Watasema ndiyo nyumba ya mkimbizi, hata viti havitoshi. Jaza, Mama Fundi. Ego, ndiyo hivyo, nakuomba, jaza."

Alisema lile neno la mkimbizi kwa sauti ndogo, nikaelewa kwamba mtu huyu haongelei ram. Sikubishana zaidi. Lakini DDR2 ningeipata wapi Kasulu, wakati kila mtu alikuwa ameshazitupa?

Nilizipata nyumba ile ile. Zaituni, mke wa Sadiki, ni binti wa mama wa Kiha, amekulia shambani. Sadiki alipobadilisha mashine yake alimwambia azitupe ram za zamani. Zaituni hatupi kitu. Nilipomwuliza, akanipeleka jikoni, akafungua debe la mbegu za maharage, akazamisha mkono ndani ya majivu mpaka kiwiko, akatoa ram mbili.

Wa mjini hamjui: mbegu za maharage zinachanganywa na majivu ili wadudu wasizitoboe.

"Kama yanatunza mbegu mwaka mzima," akasema Zaituni, "hayatashindwa na vijiti viwili."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Majivu yakipata unyevu yanakula meno ya ram kama nini sijui. Lakini jikoni kwa Zaituni ni pakavu, moto hauzimiki, na ram zilikuwa zimepona. Akanipa, mimi nikamtengenezea redio yake, tukawa sawa. Nikazipiga mswaki, nikazifuta kwa spiriti, nikayasugua meno kwa kifutio cha shule mpaka yakang'aa. Hilo la kifutio lishikeni. Mashine nyingi mnazoziita mbovu zinahitaji kifutio tu.

Kwenye kila ram kulikuwa na kidoa cha rangi nyekundu ya kucha. Enzi zile watu walikuwa wanawekea vitu vyao alama kabla ya kumpa fundi, ili fundi asivibadilishe. Sadiki alikuwa anatumia rangi ya mkewe. Kukiondoa kile kidoa kunataka dawa ya kutolea rangi ya kucha, sikuwa nayo, nikaona nani atachungulia kidoa kidogo hivyo.

Nilipoweka ram nne, mashine iliwaka, lakini ikaanza kukwama kidogo kidogo. Sababu ni hii: ram za Sadiki zilikuwa za aina ya polepole, na ram zikiwa pamoja zote zinatembea kwa mwendo wa ile iliyo goigoi. Zile mbili nzuri za Nyabenda zilikuwa zinawasubiri wageni.

"Nyabenda, hizi mbili zinakurudisha nyuma."

"Nimesikia. Matundu yamejaa?"

"Yamejaa."

"Basi."

Nilimwambia tena siku ya kuondoka, na tena njiani. Alikuwa ameshaamua, na mashine ni yake.

Tulisafiri kwenda Kibondo na boksi limelala juu ya magunia ya maharage. Nilikuwa nimefungua lile bati zito la kupozea prosesa, nimelibeba mwenyewe mapajani, maana barabara ile ilikuwa na mashimo ya kung'oa meno ya mtu, sembuse bati lililoning'inia kwenye ubao. Nanyi mkisafirisha mashine barabara mbovu, fungueni kitu kizito kwanza.

Jumapili hiyo banda lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Sadiki alifika amevaa shati jeupe, Zaituni nyuma yake. Akaniona.

"Mama Fundi! Na wewe umekuja kutazama?"

Kisha akaona kile kitenge. Akakitazama. Akanitazama.

"Hii si mashine ya padre?"

"Padre amebadili mawazo."

Akacheka, sina budi kusema, akacheka kwa moyo wote. Kisha akatoa diski ya gemu lake kama mtu anayetoa kisu.

Mechi ya kwanza ilikuwa mateso. Wachezaji walikimbia vizuri, wakashikwa na kwikwi, wakakimbia tena. Kila kioo kiliposita, banda zima liliacha kupumua. Nyabenda alisimama nyuma, hana rangi usoni, na nje mtu fulani mwenye haraka alikuwa ameshaegesha ngazi chini ya kile kibao. Mpira ulimalizika bila kuganda, lakini kila mtu aliona kwamba wa pili haufiki.

"Fungueni boksi," akasema Sadiki. "Nataka kuona padre ameweka nini humu."

Likafunguliwa. Akainama, na nilimwona anapoona vidoa vyekundu.

"Hizi ni zangu!"

Zaituni akaanza kuhesabu mabati ya paa.

"Zaituni! Si nilisema zitupwe?"

"Ulisema zitupwe. Nikazitupia kwa Mama Fundi."

Banda likalipuka kwa kicheko, na hapo ndipo Sadiki alipokasirika kweli kweli. Akageukia watu. Akasema shindano ni la mashine ya Nyabenda, wala si la mashine nusu Nyabenda nusu Sadiki, na kwamba anachukua kilicho chake ili mechi ya pili tuone ukweli. Wazee waliokuwa mlangoni wakashauriana, wakasema ana haki, mtu achukue chake. Nyabenda alinitazama kwa macho ya mtu anayezama. Yaliniuma macho yale, na mpaka leo yananiuma, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaelewa na yeye alikuwa bado.

Nikafikiri haraka kuliko prosesa yoyote. Nikapiga magoti mbele ya Sadiki.

"Sadiki mwanangu, nakuomba, usizitoe! Mashine itabaki na mbili tu. Utamwaibisha mwenzio!"

"Natoa."

"Mbili tu, Sadiki! Kwenye gemu zito hivi! Mkumbuke Mungu!"

Kadiri nilivyosihi, ndivyo alivyoharakisha. Nilisihi vizuri sana, nikaanza kujihurumia mwenyewe. Akabonyeza vishikizo, akazing'oa zile ram mbili, akazitia mfukoni mwa shati jeupe. Mimi nikainama kana kwamba napangusa vumbi, nikahakikisha zile mbili zilizobaki zimekaa kwenye matundu yanayofanana rangi, kama zinavyotakiwa kukaa zikiwa pacha. Nikarudisha kifuniko huku nasikitika kwa sauti.

Mashine ikawashwa. Kioo kikabaki cheusi.

Feni ilizunguka, ikasimama, ikazunguka tena. Ukibadilisha ram, ubao unajifunza upya: unajaribu mwendo huu, ukishindwa unajizima, unajaribu mwingine. Unachotakiwa kufanya ni kuacha. Wengi hawaachi, wanazima, na ubao unaanza somo upya. Nyabenda alinyoosha mkono kwenye swichi, nikamdaka kifundo.

"Imekufa," akasema Sadiki. "Mmeona wote. Imeku..."

Hakumaliza, kwa sababu mama yake Nyabenda alikuwa ameingia.

Alitoka kijijini kwa miguu, bibi mwembamba mwenye kanga mbili, na aliingia kama mama zetu wanavyoingia mahali penye watu. Alisalimu. Hakusalimu kwa mkupuo kama nyie mnaorusha "mambo" mkiwa mnakimbia. Alimsalimu kila mtu, mikono miwili, akauliza nyumbani, akauliza watoto, akauliza shamba, akasubiri ajibiwe, naye akaulizwa, akajibu. Hakuna mtoto wa kike wala wa kiume Kibondo au Kasulu anayemkatiza mama mzima katikati ya salamu. Hata Sadiki mwenye domo alisimama na kidole chake bado kinaonyesha kioo cheusi.

Alipomfikia, akamshika kile kidole na mkono wote.

"Mwakeye, mwana wanje, mwanangu."

"Mwakeye, mama."

"Mama yako yu hali gani?"

"Mzima, mama."

"Na watoto?"

Sadiki alijibu yote, ameinama, jasho linamtoka. Nyuma yake feni ilizunguka, ikasimama, ikazunguka. Mimi nilikuwa naomba moyoni: mama, uliza na ng'ombe, uliza na mvua. Akauliza mvua. Alikuwa bado ana watu watatu wa kuwasalimia pale dirishani wakati kioo kilipowaka.

Mechi ya marudiano sitawasimulia. Wachezaji walikimbia kama maji kwenye mtaro, hakuna kwikwi, hakuna kusita, mpaka filimbi ya mwisho. Watu walipiga vigelegele hadi soko likasimama. Nyabenda hakushangilia. Alimshika mama yake mkono wakatoka nje, nami nikawafuata, mbea tangu kuzaliwa.

Mama hakujua kusoma. Akanyoosha kidole juu. "Kinasemaje?"

"Nyabenda," akasema mwanawe.

Mama akapanda vipandio viwili vya ile ngazi iliyoletwa kushushia, akaligusa lile bati kwa kiganja. "Izina rya so," akasema kwa Kirundi. Jina la baba yako. Nikalia pale pale, na sikusingizia vumbi.

Sadiki alitimiza neno lake. Wiki iliyofuata alipanda mwenyewe kwenye duka lake akagongelea kibao juu ya kichwa changu: TAWI LA NYABENDA, KIBONDO. Wateja walicheka, naye akacheka kuwazidi, ila nilimwona kuna kitu kinamtafuna. Asubuhi moja akavuta kigoda kwenye meza yangu, akatoa zile ram mbili mfukoni.

"Mama Fundi, sema kweli. Hizi zilikuwa zinaisaidia ile mashine, au zinaizuia?"

Ningeweza kumdanganya, na kodi yangu ingekuwa salama. Lakini alikuwa ameuliza kiungwana.

"Zilikuwa zinaizuia, mwanangu. Nyabenda nilimshindwa. Wewe ulipozing'oa ndipo ilipopona."

Akazigeuzageuza zile ram kiganjani. "Na ulivyopiga magoti pale?"

"Nilikuwa naharakisha kazi."

Akainuka, akaingia ndani. Nikaanza kukusanya bisibisi zangu, nikijua leo ninahamishwa. Akatoka na ngazi na kopo la rangi, akapanda juu ya kichwa changu, na chini ya jina la Nyabenda akaandika kwa herufi kubwa kuliko za mwenye kibao: FUNDI WAKE NI SADIKI.